Wokovu: kutoka wapi, hadi wapi

Bwana asifiwe. (Amen.) Wengine mmeitikia, wengine mmenyamaza mkanitazama, kwa hiyo najua walimu wa katekisimu wa Kikatoliki wamefika. Tumsifu Yesu Kristo. (Milele na milele, amina.) Haya, sasa tumeenea.

Nimepewa saa moja nizungumzie fundisho la wokovu. Kanisa limelizungumzia karne 20 na halijamaliza, basi msitarajie nilimalize mimi kabla ya chai.

Hapa Nairobi hakuna haja ya kulitafuta swali hili. Litakukuta pale bustani ya Jevanjee saa ya chakula cha mchana. Litapanda nawe basi la Machakos, na kabla dereva hajatoka steji mhubiri amesimama katikati, Biblia kwapani, anauliza: umeokoka? Ukifa usiku wa leo, utaenda wapi? Sina ugomvi na wahubiri hao. Wengine wao wana ujasiri ambao mapadre na wachungaji wenye digrii hatuna. Ninacholalamikia ni kwamba swali linaletwa nusu. Kuokoka na nini? Na ukishaokoka, unapelekwa wapi?

Tumwangalie yule askari wa gereza la Filipi, Matendo 16, kwa sababu ndiye aliyeuliza swali hili waziwazi kuliko mtu yeyote katika Agano Jipya: “Bwana zangu, yanipasa nifanye nini nipate kuokoka?” Tunamhubiri kana kwamba alikuwa ameketi akitafakari jehanamu. Hapana. Tetemeko limefungua milango, yeye anadhani wafungwa wametoroka, na mlinzi wa Kirumi aliyepoteza wafungwa alilipa kwa uhai wake. Someni sura ya 12 muone Herode alivyowafanya walinzi wa Petro. Upanga umeshatoka alani, anataka kujiua. Ndipo Paulo anapaza sauti gizani: usijidhuru, sote tupo hapa. Wafungwa ambao jana yake aliwafunga miguu kwenye mkatale ndio wanaomzuia asife. Swali lake linatoka hapo, kwa mtu ambaye dakika chache zilizopita alikuwa tayari ni maiti.

Jibu ni fupi: “Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako.” Hakuambiwa aache kazi kwanza, wala aombe radhi kwa mkatale kwanza. Lakini angalieni kinachofuata, saa ile ile ya usiku: anawaosha mapigo yao, anabatizwa, anawaandalia chakula. Vidonda alivyolala akijua vipo, sasa anaviosha. Mimi nikiulizwa nifundishe wokovu kwa kifungu kimoja tu, nitachukua hiki kabla ya Warumi, na wapenzi wa Warumi watanisamehe.

Sasa, kuokoka na nini. Kwa Waisraeli jibu la kwanza lilikuwa na jina na anwani: Farao, Misri. Wimbo wa Musa katika Kutoka 15 unamwita Bwana wokovu wangu, na wanaouimba wametoka tu majini na magari ya vita yamezama nyuma yao. Hayati John Mbiti, mwana wa Kitui, aliwakumbusha wanateolojia wenzake kwamba Mwafrika akisikia habari ya kuokolewa anafikiria pia ugonjwa, njaa, utasa, nguvu za giza. Huko si kuchanganya Injili na mambo ya dunia. Ndivyo Biblia inavyosema katika kurasa nyingi.

Mababa wa Kanisa nao hawakusema kwa sauti moja. Athanasio wa Aleksandria, karne ya nne, aliona tatizo kubwa kuwa ni mauti na uharibifu: binadamu anarudi kwenye utupu alikotolewa, basi Neno likatwaa mwili ili kuingiza uzima mle mle penye uozo. Anselmi, askofu mkuu wa Canterbury, aliyemaliza kitabu chake juu ya jambo hili mwaka 1098, aliona heshima ya Mungu iliyovunjwa na fidia ambayo mtu anapaswa kulipa lakini hawezi. Wanamatengenezo wa karne ya 16, Luther na wenzake, walizungumza zaidi lugha ya mahakama: sheria, hukumu, mwenye haki akisimama mahali pa mwenye hatia. Halafu kuna picha ya kale kuliko hizo mbili za mwisho, Kristo mshindi aliyemnyang'anya Shetani mateka, na picha hiyo ukitaka kuiona ikiwa hai nenda kwenye kesha lolote mtaani Ijumaa usiku. Mimi sioni sababu ya kuchagua moja na kutupa nyingine. Anayehubiri mahakama peke yake atawaambia watu wamesamehewa na asiwe na la kusema msibani. Anayehubiri ushindi peke yake atatoa mapepo mwaka mzima, na mwizi wa ardhi ya jirani aketi kiti cha mbele bila kuulizwa kitu.

Tuje kwenye neema, maana hapo ndipo uzito ulipo. Waefeso 2: “Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu.” Aliyelipigania neno hili kuliko wote alikuwa Mwafrika, Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika nchi tunayoiita leo Algeria. Pelagio, mtu wa Uingereza aliyekuwa akifundisha Roma, alichoshwa na Wakristo wavivu. Alisema Mungu ametupa utashi na amri, basi tutende, tunaweza. Kusema kweli, Pelagio angepata umati mkubwa sana Nairobi. Mikutano ya kuhamasishana hapa haisemi tofauti na yeye. Augustino akajibu kwamba utashi wenyewe ni mgonjwa, na mgonjwa haambiwi ajitibu kwa bidii. Mtaguso, yaani baraza la maaskofu, wa Karthago mwaka 418 ulimkataa Pelagio. Ule wa Orange, mwaka 529, ukaenda mbali zaidi: hata mwanzo wa imani, ile hamu ya kwanza ya kumtaka Mungu, ni kazi ya neema.

Wengi wetu tunaikubali neema kwa mdomo na kuiishi kama Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Mungu amekukopesha ulipokuwa huna kitu, ndiyo, lakini wema wowote utakaoingia baadaye unakatwa palepale kulipia deni, na salio halitoki kwenye sifuri. (Kicheko.) Mnacheka kwa sababu mnaijua. Ila Paulo anasema kipawa, na kipawa hakina tarehe ya kulipa.

Ndiyo maana naudhika, na niseme wazi, nikiona namba ya M-Pesa ikitembea chini ya skrini huku mtu akiambiwa apande mbegu ya elfu tano ili Mungu amfungulie. Tulishapita njia hii. Mwaka 1517 Luther aliandika hoja zake 95 kwa sababu mtawa mmoja, Tetzel, alikuwa akizunguka Ujerumani akiuza hati za rehema, yaani za kupunguziwa adhabu ya dhambi, na sehemu ya fedha ilikuwa ikienda kujenga Basilika la Mtakatifu Petro. Wakatoliki msinune. Mtaguso wa Trento wenyewe, wa Kanisa lenu, uliamuru mwaka 1563 uchumaji huo ukomeshwe. Waliorudisha duka hilo mjini kwetu ni sisi Waprotestanti, watoto wa Luther.

Na hapa nibomoe jambo moja linalofundishwa vibaya. Tangu utotoni tumeambiwa Wakatoliki wanafundisha kuokoka kwa matendo. Hati ya Trento juu ya kuhesabiwa haki, yaani jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu, ni ya Januari 1547, na kanuni yake ya kwanza kabisa inamlaani mtu asemaye kwamba binadamu aweza kuhesabiwa haki mbele za Mungu kwa matendo yake mwenyewe bila neema kupitia Yesu Kristo. Ya kwanza! Tofauti zilikuwepo, na nyingine zipo: je, haki ya Kristo tunahesabiwa tu, au inamiminwa ndani yetu ikatubadilisha? Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Kanisa Katoliki walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, katika imani, si kwa stahili yetu, na Roho Mtakatifu hutuandaa kwa matendo mema. Wamethodisti wakajiunga 2006, na makanisa ya Kireformati, ukoo wa PCEA yetu, kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, 2017. Sijui kwa nini habari hii haijafika kwenye mimbari zetu, na magomvi ya 1547 yamefika yote.

Mtu ataniuliza, na Yakobo? “Mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake.” Paulo na Yakobo wote wanamwita shahidi mmoja, Ibrahimu, ila hawamwiti siku moja. Paulo anafungua Mwanzo 15, mzee hana mtoto, anaonyeshwa nyota, anaamini, anahesabiwa haki. Yakobo anafungua Mwanzo 22, Ibrahimu na Isaka wanapanda mlimani. Kati ya sura hizo mbili Ishmaeli amezaliwa, Isaka amezaliwa, tena amekua hata anabeba kuni. Paulo anaeleza Ibrahimu alivyopokelewa. Yakobo anauliza, miaka mingi baadaye, ile imani ilikuwa ya kweli? Na Paulo yuleyule, mkisoma mstari wa 10 baada ya ule wa 8 na wa 9 tunaoupenda, anasema tuliumbwa katika Kristo “tutende matendo mema”. Sisi huishia wa 9.

Jambo langu kuu la leo ni hili. Agano Jipya linasema tumeokolewa, Waefeso 2. Linasema pia “sisi tunaookolewa”, 1 Wakorintho 1:18, kama jambo linaloendelea. Na Warumi 13 yasema wokovu wetu u karibu nasi kuliko tulipoanza kuamini, maana yake haujafika wote. Sisi tumeshika lile la kwanza tukalifanya tarehe.

Nadhani tumeipata tabia hiyo kwa kurithi nusu. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, kwa watu kama Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church, ukafika Kabete, hapa kwetu Kenya, mwaka 1937. Wazee wetu wengi waliokolewa humo. Ushuhuda wa tarehe tuliupata kwao. Lakini wale ndugu maisha yao waliyaita kutembea nuruni: walikutana kila wiki, na mtu alisimama akasema alichokosa wiki hiyo, si alichokosa mwaka 1938. Waliungama kwa majina, mume mbele ya mke, mwajiri mbele ya mfanyakazi. Walirudisha vitu walivyoiba. Wakati wa Dharura, miaka ya 1950, wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau wakisema wamekwisha kunywa damu ya Yesu, na walikataa pia kubeba bunduki za serikali. Wengine waliuawa. Kwa watu hao wokovu haukuwa kumbukumbu. Tarehe tumebaki nayo, mkutano wa kila wiki wa kuumbuana kwa upendo tumeuacha, kwa sababu unauma.

Na Zakayo je? Najua jina hilo vijana waliliandika kwenye mabango mwaka 2024 wakimwita Rais Ruto hivyo, na sikuja hapa kuzungumzia kodi. (Kicheko.) Zakayo wa Yeriko, mtoza ushuru, alisema nusu ya mali anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Yesu akasema leo wokovu umefika nyumbani humu. Utaratibu ni uleule wa Filipi: Bwana alikwenda kwake kwanza, watu wakinung'unika, kabla hajatoa hata senti. Zile mali hazikununua ile ziara. Lakini Zakayo angemkaribisha Yesu, akala naye, kisha akabaki na mali za watu, sidhani Luka angekuwa na habari ya kuandika.

Nimeletewa maswali mawili kwa karatasi; niyajibu tupumzike.

La kwanza: mtu aweza kuupoteza wokovu? Sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa ya Kireformati, 1618 hadi 1619, ilisema wateule wa Mungu watalindwa hadi mwisho. Wamethodisti na Wakatoliki wanasema mtu aweza kuanguka kweli. Kila upande una vifungu vyake, Yohana 10 kwa wa Dort, Waebrania 6 kwa hao wengine. Mimi kwa mwenye hofu husoma Yohana 10, na kwa mwenye kiburi husoma Waebrania 6. Mkiita huko kukwepa, sawa.

La pili limeandikwa na mtu ambaye hakuweka jina. Anasema kikundi chake humtaka aseme siku aliyookoka, naye hana. Amelelewa kanisani, hakumbuki akiwa nje. Ndugu au dada yangu, nitajie tarehe ya Petro. Ni siku alipoacha nyavu? Alipomkiri Bwana kule Kaisaria Filipi? Alipolia jogoo alipowika? Pentekoste? Paulo ana njia ya Dameski, naam. Timotheo hatuambiwi siku yake popote. Tunaambiwa imani ilikaa kwanza katika nyanya yake Loisi, kisha mama yake Eunike, kisha ndani yake. Wakikuuliza tena Alhamisi, wape jina la aliyekufundisha kuomba, uwaambie na ulichotubu wiki hii.