Nani Kaulizwa Kwenye Kikao? Wanawake wa falsafa na haki rejeshi

Shikamooni wazee wangu, na nyie vijana mambo vipi. Hizi spika zinakwaruza kwa hiyo mkiona sisikiki huko nyuma pungeni mkono tu, nitapaza sauti.

Mtu mmoja pale mlangoni kaniuliza, mwalimu, tangazo limesema wanawake, limesema falsafa, limesema haki rejeshi, kwani hizo ni mada tatu au moja? Ni moja. Na nataka tukitoka hapa muwe mmeshaona kwa nini ni moja, maana huwa zinafundishwa kama tatu, ya wanawake inawekwa wiki ya mwisho ya muhula wakati watu wameshaanza kufunga mabegi.

Tuanze haraka haraka na haki rejeshi yenyewe. Mahakamani kesi inaitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Wewe uliyeibiwa ng'ombe ni shahidi tu, unaitwa, unaulizwa maswali, unarudi nyumbani na nauli yako mwenyewe, na jamaa akifungwa ng'ombe harudi. Haki rejeshi inauliza vingine: nani kaumia, anahitaji nini, na nani ana wajibu wa kurekebisha. Vitabu vingi vinaanzia Elmira, kule Ontario, Kanada, 1974, vijana wawili walilewa wakaharibu mali za watu 22, afisa wa uangalizi akamwomba hakimu, akawapitisha nyumba kwa nyumba wakabishe hodi, wakiri, walipe. New Zealand wakaja wakaiweka kwenye sheria ya watoto ya 1989, kikao cha familia kabla ya mahakama, wazo limetoka sana kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa kule. Na majina utakayokutana nayo kwenye kila kozi ni Nils Christie wa Norway, Howard Zehr wa Marekani, John Braithwaite wa Australia. Wote wanaume, wote wamefanya kazi nzuri, sina ugomvi nao.

Sasa sisi wa huku tukisikia hayo tunatabasamu. Tunasema haya si ndio kikao cha wazee? Hawa wazungu wamekuja kugundua mkeka ambao babu zetu walishaukalia. Na mimi nilikuwa nasema hivo hivo, tena kwa kujidai. Shida ni kwamba wengi wetu humu, hasa kina mama, tumeshakaa kwenye hicho kikao na tunakijua kwa ndani. Binti kapigwa, uso umevimba, wajomba na mashemeji wamekaa, chai imeletwa na yeye mwenyewe aliyepigwa, alafu mzee mmoja anakohoa anasema yaliyopita si ndwele. Mwingine anaongeza funika kombe mwanaharamu apite. Binti anaulizwa swali moja tu siku nzima: umemsamehe mwenzio? Na jibu lipo moja.

Hapo ndipo falsafa inapoingia, na inaingia kupitia wanawake.

Jean Hampton, mwanafalsafa Mmarekani, amefariki 1996 akiwa bado mdogo kabisa, miaka 41. Mwaka 1988 aliandika kitabu pamoja na Jeffrie Murphy kuhusu msamaha na huruma, wanabishana sura kwa sura. Hoja yake ni hii, na naomba mnisikilize hapa kwa sababu yote nitakayosema baadae yanasimama juu yake. Anasema mtu akikudhulumu hakuumizi mwili au mfuko peke yake, anatoa tamko. Anasema kwa kitendo: mimi niko juu, wewe uko chini, kwa hiyo naweza kukutumia. Ni tamko la uongo lakini limesemwa mbele za watu na likiachwa hivo hivo linakaa kama ukweli. Kwa hiyo haki, yoyote ile, kazi yake ni kulifuta hilo tamko. Hampton mwenyewe alitumia hoja hii kutetea adhabu, yaani yeye si mtu wa haki rejeshi kabisa. Lakini mimi naichukua naipeleka kwenye kikao. Naikalisha pale katikati ya mkeka, nauliza: watu wakinyanyuka hapa, yule aliyeshushwa kapanda au kashushwa mara ya pili?

Hannah Arendt, mwanafalsafa mzaliwa wa Ujerumani, nitampitia tu, kwenye kitabu chake cha 1958 anasema tendo likishatendeka halirudi nyuma, na binadamu ana dawa moja tu ya hilo, kusamehe, na kwa yajayo ana kuahidi. Maneno mazuri na watu wa maridhiano wanayapenda sana. Lakini yeye mwenyewe anasema pia kwamba hatuwezi kusamehe kile tusichoweza kukiadhibu, na hicho kipande huwa hakinukuliwi kwenye semina.

Anayenifaa zaidi ni Margaret Urban Walker, mwanafalsafa Mmarekani. Kitabu chake cha 2006 kinahusu kukarabati mahusiano ya kimaadili baada ya ubaya. Anasema watu tunaishi pamoja kwa sababu tunaaminiana kiasi na tunatumaini kwamba kanuni zetu zina uzito, na ubaya unavunja hivyo vyote viwili. Alafu anasema kitu ambacho wenzake wengi walikuwa hawajakitilia maanani, kwamba kuna jeraha la pili, nalo halitoki kwa mkosaji. Linatoka kwa wengine. Ni pale aliyeumizwa anapogeuka kuangalia jamii yake na jamii inaangalia pembeni, au inamwambia umezidisha, au inamuuliza ulikuwa umevaa nini. Walker anaita kule ni kutelekezwa, na kunaweza kuuma kuliko jeraha la kwanza. Kwa hiyo deni si la mkosaji peke yake. Sisi tuliokaa kikaoni tuna deni letu, na deni letu la kwanza ni kusema wazi kwamba alichofanyiwa huyu ni kibaya, kabla hatujafungua mdomo kuhusu kusameheana.

Haya twendeni Afrika Kusini, maana pale haya mambo yalifanyika nchi nzima inaangalia.

Tarehe 3 Machi 1986, Gugulethu, Cape Town, polisi waliwapiga risasi vijana saba. Mama mmoja, Eunice Miya, kifo cha mwanae alikijulia kwenye taarifa ya habari ya tivii. Miaka 10 baadae, 1996, Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kuchunguza ubaya wa enzi ya ubaguzi wa rangi, inaanza vikao na hawa akina mama wanakuja kutoa ushahidi. Mmoja wao, Cynthia Ngewu, mama yake Christopher Piet, alisema jambo ambalo kwangu ni hoja kamili ya falsafa. Alisema, kwa maneno yangu mimi, kwamba kama hiki kitu mnachokiita maridhiano maana yake ni huyu mtu aliyemuua mwanangu arudi kuwa binadamu, ili na mimi na sisi wote turudishiwe ubinadamu wetu, basi nakubali, nakiunga mkono. Sikilizeni hiyo "kama". Huyu mama hakusema nimesamehe. Ametoa sharti, ametoa tafsiri yake ya neno la serikali, na ameweka mkosaji upande wa mwenye kupungukiwa. Tamko la Hampton limepinduliwa pale pale: aliyeshuka ni muuaji, na mwenye uwezo wa kumnyanyua ni mama wa marehemu. Watu wanamnukuu kama mfano wa huruma ya mama wa Kiafrika, mimi nataka anukuliwe kama mtoa hoja.

Lakini kuna mama mwingine kwenye kundi lile lile, Notrose Konile. Huyu ushahidi wake ulionekana haueleweki. Alianza na ndoto ya mbuzi, akaja kwenye jiwe lililomwangukia akiokota makaa ya mawe, na ukisoma kumbukumbu ya Kiingereza unaona mtu aliyepotea njia. Kwa hiyo aliachwa pembeni, hakuwa na sentensi ya kuweka kwenye bango. Baadae watafiti watatu, Antjie Krog, Nosisi Mpolweni na Kopano Ratele, wakarudi kwenye kanda ya Kixhosa chenyewe, wakaenda hadi kwake Eastern Cape, na kitabu chao cha 2009 kinaonyesha alikuwa anasema jambo lililonyooka kabisa: ndoto ilikuwa taarifa ya kifo, na lile jiwe na makaa ni maisha ya mwanamke aliyebaki peke yake bila mtoto wa kumsaidia. Miranda Fricker, mwanafalsafa Mwingereza, alishaeleza hii hali 2007, kwamba kuna dhulma ya kutoaminiwa, neno lako linapunguzwa uzito kwa sababu ya wewe ni nani. Kwenye mahakama ya kawaida hilo ni baya. Kwenye haki rejeshi ni baya zaidi, kwa sababu haki rejeshi mtaji wake wote ni maneno, haina kingine, ukimnyima mtu kusikilizwa pale umemnyima haki yote.

Na kuna kingine kilijitokeza pale pale. Wanawake walikuwa wanakuja kwenye Tume wengi sana lakini wanazungumzia waume na watoto wao wa kiume, yaliyowapata wao wenyewe hawayataji. Beth Goldblatt na Sheila Meintjes walipeleka andiko kwenye Tume 1996 kuhusu hilo, na Tume ikaandaa vikao maalumu vya wanawake, 1996 na 1997. Yaani ilibidi wanawake wasomi wabishe hodi ndio Tume ione kwamba mlango wake ulikuwa mwembamba.

Tusikae sana kwa Mandela, turudi jirani. Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, miaka ya 90 mwanzoni, koo zinauana, ukame juu yake. Dekha Ibrahim Abdi na wanawake wenzake wa kule, mazungumzo yao yalianzia kwenye harusi, wakaanza na soko: kila mwanamke wa kila ukoo auze na anunue, na wanawake wenyewe wanalinda hilo. Kutoka pale wakawafuata wazee, na 1993 wazee wakatia saini Azimio la Al Fatah, la amani kati ya koo. Dekha alipata tuzo ya Right Livelihood 2007, akafariki 2011 baada ya ajali ya gari. Hii ni haki rejeshi iliyofikiriwa na wanawake kuanzia chini, tena Waislamu ambao hakuna aliyewaita wanafalsafa.

Sasa angalieni kilichofuata. Azimio la Modogashe, 2001, eneo hilo hilo, wazee na serikali wanakubaliana fidia ya mtu aliyeuawa. Mwanaume, ng'ombe au ngamia 100. Mwanamke, 50.

Naona mnaguna. Najua utetezi wake, hesabu inatoka kwenye diya, yaani fidia ya damu ya Kiislamu, fidia inatuliza visasi, na mahakama kule ni mbali na polisi ni wachache. Kweli yote hayo. Lakini chukueni lile swali la Hampton. Kikao kilichoitishwa kufuta uongo kwamba maisha ya fulani ni madogo kimemaliza kwa kuuandika uongo huo kwa hesabu ya mifugo. Na wanawake ndio waliosukuma amani ianze! Rwanda nako, gacaca, yale mabaraza ya wananchi yaliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari, ilimaliza kesi karibu milioni 2 mpaka kufungwa 2012, hakuna mahakama ya kawaida ingeweza, lakini sheria ya 2008 ilipohamishia huko na kesi za ubakaji, ikabidi zisikilizwe faragha, kwa sababu uwazi uliokuwa sifa ya gacaca ulikuwa mzigo kwa mwanamke anayesimulia mbele ya majirani.

Kaka pale nyuma ameandika swali kwenye karatasi, ngoja nilisome. "Mwalimu, kwa hiyo kesi za kupigwa wake zisipelekwe barazani?" Swali zuri na sitalikwepa.

Annalise Acorn, profesa wa Kanada, alikuwa shabiki wa haki rejeshi kabisa, alafu 2004 akaandika kitabu kizima kuikosoa, anasema inalazimisha huruma, inamfanya aliyepigwa aonekane mbaya akikataa kukumbatia. Namkubali kwa nusu. Kwa sababu upande wa pili kuna Mary Koss, mwanasaikolojia wa kule Arizona, Marekani, aliendesha mpango wa haki rejeshi kwa kesi za ubakaji na udhalilishaji, na angalieni masharti: kesi inaletwa na mwendesha mashtaka, aliyeumizwa anachagua mwenyewe na anaweza kujitoa, mkosaji lazima akubali wajibu wake kabla ya kikao, kila mmoja anakuja na watu wake, na mkosaji anafuatiliwa miezi 12. Baraza letu la kata hapa Tanzania, sheria ya 2002 ilisema kwenye migogoro ya ardhi wajumbe wawe wanne hadi wanane na watatu wawe wanawake, ni mwanzo, lakini kukaa kwenye kiti si sawa na kuulizwa.

Kwa hiyo jibu langu kaka: kama mama mwenyewe kataka, kama polisi na hospitali wameshapitiwa kwanza, kama mlango wa mahakama bado uko wazi nyuma yake, na kama mwenyekiti wa kikao si shemeji yake wala mtu anayemdai mume wake fadhila, mimi nitakuja nitakaa. Likikosekana moja katika hayo sikai, na chai wapike wenyewe. Haya, swali lingine, dada mwenye kilemba cha njano.