Kirusi Kinavyozaa Saratani

Asanteni kwa kufika, hasa akina mama mliofunga vibanda mapema. Mzee mmoja ameniuliza pale mlangoni: "Daktari, saratani inaambukizwa?" Hapana, mzee wangu. Ukimuuguza mgonjwa, ukala naye sahani moja, huipati. Ila vipo virusi vinavyoambukizwa, na baadhi yake vikikaa mwilini miaka mingi huweza kuleta saratani.

Nianze na HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Huambukizwa kwa ngono, na watu wengi mno hukipata wakati fulani, kwa hiyo asinyoshewe mtu kidole. Mara nyingi kinga ya mwili hukiondoa ndani ya miaka miwili, mwenyewe hana habari. Taabu ni pale kinapokataa kutoka, hasa aina ya 16 na ya 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi duniani.

Huko ndani kinafanya nini? Seli zetu zina protini za ulinzi. Moja, p53, ikiona jeni zimeharibika huisimamisha seli au huiamuru ife. Nyingine, Rb, huizuia seli isigawanyike kabla ya wakati. Kirusi hakiwezi kuzaana bila mitambo ya seli, kwa hiyo hutengeneza protini zake mbili: E6 huifanya p53 ivunjwe, na E7 huilemaza Rb. Kwa kawaida kirusi chenyewe huzidhibiti hizo mbili zisipite kiasi. Lakini kuna wakati jeni zake hukatika na kujipachika ndani ya jeni zetu, kile kipande cha kudhibiti kikaharibika. Basi seli inagawanyika ovyo, kasoro juu ya kasoro. Na kirusi hakifaidiki kitu, maana seli iliyofika hapo kwa kawaida haitoi virusi vipya. Mama anakufa kwa ajali ya ndani ya seli.

Ajali hiyo huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani. Kwa mwenye VVU asiyetibiwa, yaweza kuwa 5 hadi 10. Akina mama, muda huo ni wenu, utumieni kupimwa! Nesi hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi, akasubiri kama dakika moja, kisha akatazama kwa macho. Seli zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe. Doa likiwa dogo, mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo, kwa kugandishwa au kwa joto.

Mabinti nao wana chanjo, iliyoanza kutolewa nchini 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Utafiti uliofanywa hapa Nairobi, Thika na Kisumu, kwa wasichana 2,275 waliotimiza miaka 15 hadi 20, ulionyesha kuwa hata dozi moja inakinga vizuri sana. Naumia moyo nikisikia watu wakisema chanjo hii inafunga uzazi. Saratani yenyewe ndiyo inayotulazimisha kuondoa kizazi cha mwanamke ambaye bado anataka watoto.

Kirusi cha homa ya ini ya B nacho huleta saratani ya ini. Chanjo yake imo katika zile sindano za mtoto za wiki 6, 10 na 14, msiziruke.

Mwisho ni uvimbe wa Burkitt, saratani inayowapata zaidi watoto. Daktari Denis Burkitt aliueleza 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda, na 1964 wanasayansi wa London wakagundua ndani yake kirusi cha Epstein-Barr. Karibu sote tunacho, na wengi wetu hakitudhuru. Malaria ya mara kwa mara ndiyo hukipa nafasi, hivyo hapa Kenya tunauona zaidi upande wa Ziwa Victoria na Pwani. Huu hausubiri miaka: waweza kuongezeka maradufu ndani ya siku mbili. Taya la mtoto likivimba, msimalize wiki mkidhani ni jino. Mpelekeni hospitali, kwa sababu akiwahi, dawa za kemo huuyeyusha uvimbe huo na watoto wengi hupona.