Shukisha Hapa Kenol: Biashara, Barabara na Mwenye Jina

Mhadhara uliotolewa Malindi

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliobanana huko mlangoni: asalaam aleikum, hamjambo nyote.

Niliambiwa nizungumzie majina ya barabara, na najua wengi mmekuja mkitarajia habari za mashujaa. Kwamba Salim Road ya Mombasa iligeuka Digo Road, Kilindini Road ikawa Moi Avenue, na kule Nairobi Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Hayo yamesemwa sana na yataendelea kusemwa. Mimi nimekuja na majina ambayo hakuna kamati iliyoyakalia kikao: la benki, la hoteli, la kiwanda, la sinema iliyofungwa, la petroli stesheni. Hayo ndiyo tunayosafiria kila siku.

Chukueni matatu inayotoka hapa kwenda Mombasa. Barabara ile zamani iliandikwa B8, siku hizi ni A7, na nikitazama nyuso zenu naona kuna wanaoisikia A7 leo kwa mara ya kwanza. Si aibu. Hakuna abiria aliyewahi kugonga bati akasema, "Dereva, nishushe A7 kilomita ya arubaini." Anasema, "Mbele hapo, ukipita petroli stesheni." Na dereva anajua ni ipi.

Basi nianze na petroli stesheni. Ukitoka Nairobi, ukaipita Thika kama unakwenda Nyeri, unafika mahali njia inapogawanyika, moja inaelekea mjini Murang'a na nyingine Sagana. Pale pana mji mkubwa unaochangamka usiku na mchana, unaitwa Kenol. Jina hilo halikutoka kwa mzee wa ukoo wala mto. Ni kifupi cha Kenya Oil Company, kampuni ya mafuta iliyokuwa na kituo njia panda. Makanga waliita "Kenol! Kenol!" kwa sababu bango lilikuwa refu na linaonekana kwa mbali. Mama wa ndizi akaweka meza yake karibu na steji, kisha hoteli ya chai, gereji, nyumba za kupanga, shule. Mtoto aliyezaliwa pale akiulizwa kwao anajibu Kenol bila kufikiria dizeli hata kidogo.

Kampuni yenyewe iliungana na Kobil ikawa KenolKobil, na mwaka 2019 ikanunuliwa na Rubis ya Ufaransa. Vituo vikapakwa rangi upya, vikaandikwa Rubis. Mji haukupakwa rangi. Tena serikali ilipoamua kuipanua barabara ile iwe ya njia mbili kila upande, kilomita 84, mradi ukaandikwa kwenye makaratasi ya mkopo "Kenol–Sagana–Marua". Hebu tazameni safari ya jina hilo: limetoka kwenye pampu, likaingia mdomoni mwa makanga, likawa mji, na sasa limo kwenye mkataba wa benki ya maendeleo, huku kampuni iliyolizaa haipo tena.

Mambo haya tunayo hata sisi. Kazi ya kuipanua A7 iligawanywa vipande, na kimoja kimeandikwa Mtwapa–Kwa Kadzengo–Kilifi. Hilo la katikati halikubuniwa na mhandisi. Alilikuta, akaliandika kama alivyolikuta, na kwa hilo nampongeza, maana wenzake wengi wangeweka namba tu.

Nairobi imejaa majina ya namna hii. Kwenye barabara ya Mombasa kuna steji ya General Motors. General Motors iliuza hisa zake mwaka 2017 na kampuni ikaitwa Isuzu East Africa, lakini abiria anashuka General Motors mpaka leo. Kwenye barabara ya Thika kuna Allsops, jina la kampuni ya bia iliyomezwa na kampuni nyingine ya bia zamani sana. Wengi wa wanaoshuka pale hawajui kama kulikuwa na kinywaji cha jina hilo, na wengine wakijua watastaghfiru. Katikati ya mji kuna steji ya Odeon, na Odeon ilikuwa sinema. Hilton ilifunga milango mwishoni mwa mwaka 2022, lakini watu wanaendelea kuahidiana kukutana Hilton.

Naona mzee mmoja anatikisa kichwa. Bila shaka anasema moyoni kwamba huku ni kuacha wafanyabiashara waturithi. Nitamjibu, lakini kwanza tukumbushane kwamba biashara imetangulia barabarani kuliko serikali. Mnapokwenda Nairobi mnapita mji unaoitwa Mackinnon Road. Mji mzima unaitwa barabara! Sir William Mackinnon alikuwa tajiri wa meli, ndiye aliyeanzisha kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 kuendesha mambo ya Afrika Mashariki, ikakodi mwambao wetu huu kwa Sultani wa Zanzibar. Kampuni hiyo ikaanza kupasua njia ya magari ya ng'ombe kutoka Mombasa kuelekea Busia. Yaani njia kuu ya kwanza ya kwenda bara ilikuwa mradi wa kampuni, na jina la mwenye kampuni likabandikwa juu yake kwa amri. Treni ilipofika, ile njia ya ng'ombe ikapoteza kazi. Jina likabaki kwa wenye msikiti na maduka ya pale, na leo msafiri anaposimama Mackinnon Road kuswali, bwana Mackinnon hayumo katika fikira zake.

Sasa nimjibu mzee wangu. Kuna jina la biashara lililoingia kwa kutumiwa, kama Kenol, na kuna jina la biashara lililoingia kwa kulipiwa. Hili la pili naliita jina la kupanga, kwa sababu ni kama nyumba ya kupanga: kodi ikiisha, mpangaji anatoka na mwingine anaingia.

Ndugu zetu walioko Dubai wanalijua vizuri. Metro ya Dubai ilifunguliwa mwaka 2009, na tangu mwanzo majina ya baadhi ya vituo yaliuzwa kwa makampuni. Kuna kituo kimoja kwenye barabara ya Sheikh Zayed kilichoitwa kwa jina la Noor Bank. Kikabadilishwa kikaitwa Al Safa. Kikabadilishwa tena kikaitwa Onpassive, jina la kampuni ya teknolojia. Reli ile ile, ngazi zile zile. Mtu aliyemwelekeza nduguye kwa barua ya zamani amempoteza. Madrid nako, kituo cha Sol kilichoko katikati kabisa ya mji kiliandikwa "Vodafone Sol" kuanzia mwaka 2013. Mwaka 2016 mkataba ukaisha, mafundi wakapanda ngazi wakaondoa neno la mbele.

Na hapa kwetu, mnakumbuka mwaka 2009 Coca-Cola ilinunua jina la uwanja wa Nyayo? Ukawa uwanja wa Coca-Cola kwa mkataba wa miaka mitatu. Baada ya miezi michache walikosana juu ya mabango, kampuni ikajitoa. Hata mashabiki wa mpira hawakupata muda wa kuizoea ile habari.

Kichekesho ninachokipenda kuliko vyote ni cha Barclays. Mwaka 2012 kituo kikubwa cha treni huko Brooklyn, New York, kiliongezewa jina la Barclays Center, kwa makubaliano ya kulipa dola 200,000 kila mwaka kwa miaka 20. Barclays ya Kenya ilikuwa hailipi hata senti kwa kutajwa na madereva wa tuktuk. Mwaka 2020 ikageuka Absa, ikabadilisha mabango nchi nzima. Kule Brooklyn jina limekaa kwa sababu linalipiwa. Huku limekaa bure, midomoni mwa watu ambao hata hawana akaunti pale.

Lakini msidhani nasema haya kwa kufurahisha tu. Jina la mahali lina kazi. Usiku mtu amegongwa na pikipiki, mama mmoja anapiga simu kuomba ambulensi. "Mko wapi?" "Hapa Barclays." Kijana aliyepokea simu ana umri wa miaka 20 na ushei, ametoka bara mwezi uliopita, anatazama simu yake, inamwonyesha Absa, tena sehemu kadhaa. "Barclays gani, mama?" "Barclays ile ile, kwani ziko ngapi?" Wakiendelea hivyo dakika mbili, aliyelala chini ndiye anayelipa gharama. Sisi hatuna namba za nyumba za kutegemea. Tuna steji, miembe, misikiti na mabango. Kila jina linapogeuzwa kwa ajili ya hela, kuna mama kama huyu anayekatiwa njia.

Kwenye barabara za mwendo kasi mambo ni mazito zaidi, na ndiko tunakoelekea. Ile Expressway ya Nairobi, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022. Huko juu huwezi kusimama ukamuuliza mtu wa mahindi. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Ukibabaika sekunde tatu juu ya jina, umeshapita mahali pa kushukia, unakwenda kushuka pengine na ada inaongezeka. Sehemu mojawapo ya kushukia imeandikwa Capital Centre, na hilo ni jina la jengo la maduka. Nimesikia watu wakilalamika kwamba jengo la mtu limepewa tangazo la bure la serikali. Mimi silalamiki. Abiria wa barabara ya chini walikuwa wakishuka Capital Centre kabla nguzo ya kwanza ya Expressway haijasimamishwa. Mwenye kibao ameandika kile ambacho dereva anacho tayari kichwani, na kibao kizuri ndicho hicho.

Marekani, pamoja na kupenda kwao kuuza kila kitu, katika njia kuu wametenganisha mambo haya. Sehemu ya kutokea ina namba na jina la mji au barabara. Kisha pembeni kuna ubao wa bluu, na hapo ndipo mwenye hoteli, mwenye chakula na mwenye mafuta wanapolipa ili alama zao zibandikwe. Hoteli ikifa, alama inabanduliwa, namba haiguswi. Dereva mwenye njaa anaridhika, na dereva anayekwenda mazishini hapotei. London nao wana njia panda inayoitwa Henlys Corner, kwa jina la wauza magari waliokuwa pale na hawapo tena, na stesheni kubwa ya Elephant and Castle iliyopata jina kwa nyumba ya pombe ya wasafiri. Hakuna anayelipia, kwa hiyo hakuna mkataba wa kwisha.

Nisiwapake mafuta wa serikali kwamba wao hawakosei. Dar es Salaam walijenga daraja la juu pale Tazara, likafunguliwa mwaka 2018 na kupewa jina la mhandisi Mfugale, mtu aliyeijengea Tanzania barabara na madaraja mengi. Heshima anastahili. Lakini panda daladala leo, usikilize konda anavyoita. Anaita Tazara, jina la mamlaka ya reli. Hata Ngomeni hapo jirani, kituo cha Waitaliano cha kurushia setilaiti kilipewa jina rasmi la profesa Luigi Broglio, na sisi tunasema San Marco kama walivyosema wazee mwaka 1967. Amri ya heshima na amri ya pesa zote hushindwa na makanga.

Kwa hiyo ninachotaka kuwaambia wakubwa wa kaunti na wa mamlaka ya barabara kuu, kama kuna waliokuja: mabango ya A7 yatakapoandikwa kutoka Mtwapa kuja juu, kabla ya fundi kuchovya brashi, waiteni makanga na madereva wa njia hii, muwakalishe siku moja, waseme majina ya steji kwa mfuatano. Nairobi hili lilifanyika: watafiti wa chuo kikuu cha huko pamoja na wenzao wa Marekani walipanda matatu na simu mkononi wakarekodi njia zaidi ya 130, na mwaka 2014 wakatoa ramani yake. Steji nyingi zilikuwa hazina pa kusomwa ila kwenye sauti ya makanga.

Kuna mtu ameniandikia kijikaratasi: "Kaunti haina pesa. Tukiuza majina ya mizunguko ya barabara tutawasha taa." Bwana, New York, yenye mamilioni ya abiria, kituo kizima kimeingiza dola 200,000 kwa mwaka. Mzunguko wa Malindi utaingiza ngapi? Toa gharama ya mabango, toa gharama ya kuyabadilisha mkataba ukivunjika kama ule wa Nyayo, toa ramani, toa risiti, toa yule mama na ambulensi yake. Uzeni ubao wa pembeni, mkitaka uzeni na kiti cha steji kiandikwe jina la mfadhili mbele na nyuma, tena mtoze vizuri. Jina la steji muwaachie abiria.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Yule kijana wa tuktuk ameinua mkono tangu nilipotaja Barclays, apewe kipaza sauti.