Kumsubiri Mtoto Amalize Neno

Walimu wetu, wazazi na walezi wenzangu, asanteni kwa kunikaribisha. Mwalimu mkuu aliponiomba nije kuzungumza juu ya kujitolea shuleni, aliniambia nieleze tu nilivyoanza. Basi nitaanzia nyumbani, maana ndiko mambo yalikoanzia.

Asubuhi ya nyumba yenye watoto wadogo mnaijua. Ni saa moja kasoro robo. Mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili, anatafuta daftari analoapa kwamba jana aliliweka hapahapa. Wa kati, wa darasa la awali, amekaa sakafuni na kiatu kimoja mguuni, anapambana na kamba zake. Mdogo, mwenye miaka miwili, ameondoka na kile cha pili na hakuna ajuaye amekipeleka wapi. Mimi nimesimama mlangoni, mikoba miwili begani, na neno linalonitoka ni moja tu: haraka. Haraka, tunachelewa. Haraka, lete huo mguu nikufunge mwenyewe. Siku moja nilijihesabia ni mara ngapi nalisema kabla hatujatoka nje. Nilipofika ya kumi na tano nikaacha kuhesabu, kwa sababu nilianza kuona uchungu.

Ni siku hizohizo nilipoikuta barua ya mwalimu wa darasa chini kabisa ya mkoba wa mkubwa, imekunjamana kati ya vipande vya penseli na kifutio. Ilikuwa imekaa humo wiki mbili. Mwalimu alikuwa anaomba wazazi wanaoweza kupata nusu saa kwa wiki waje kuwasikiliza watoto wakisoma. Sitawaficha, nilikasirika. Nusu saa niitoe wapi? Nina kazi, nina watoto watatu, nguo za kufua haziishi. Nilikwenda shuleni nikiwa nimejiandaa kuomba radhi tu. Mwalimu hakunibembeleza. Alinipigia hesabu: "Nina watoto 45 na kipindi cha dakika 40. Nikisema nimsikilize kila mmoja, hata dakika moja haimfikii. Na wapo wanane ambao dakika moja ikiisha, ndiyo kwanza wamepata ukurasa." Hesabu hiyo haina jibu. Mwalimu awe hodari namna gani, hawezi kuigawa dakika ikawa mbili. Kinachokosekana hapo ni mtu mzima mwingine, akae na mtoto mmoja, asiwe na pengine pa kukimbilia.

Nikaanza Alhamisi. Niliwekewa kiti kwenye ukumbi mwembamba nje ya darasa, mlango ukiwa wazi, na mtoto wa kwanza akaja: mvulana wa miaka saba, amekumbatia kitabu kifuani kwa mikono yote miwili. Akakaa, akafungua, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Ba-ba. A-na-je-nga. Halafu kidole kikasimama. Nyu. Kimya. Nyu. Akainua macho akanitazama usoni, na mimi tayari nilikuwa nimefungua kinywa nimtajie. Lakini mwalimu alikuwa amenionya asubuhi ileile: usimtajie neno, hesabu kimoyomoyo mpaka tano kwanza. Nikafunga kinywa. Moja. Mbili. Kwenye tatu akarudisha macho kwenye kitabu. Kwenye nne midomo ikaanza kucheza bila sauti. "Nyu-m-ba. Nyumba! Baba anajenga nyumba." Kisha, bila kuambiwa na mtu, akarudi mwanzo wa sentensi akaisoma yote upya, na safari hii kidole kilikuwa kinakimbia.

Sekunde tano hizo zilinifundisha jambo ambalo miaka saba ya kulea watoto wangu ilikuwa haijanifundisha. Kwangu nyumbani yule mtoto asingelipata lile neno. Ningemnyang'anya mdomoni, kwa upendo kabisa, nikidhani nimemsaidia.

Baadaye nilikuja kujua kwamba jambo hili limechunguzwa zamani. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza masomo mengi ya sayansi yaliyorekodiwa katika shule za msingi, na katika miaka ya 1970 akaandika alichokuta. Mwalimu akishauliza swali, humsubiri mtoto kwa wastani wa sekunde moja hivi, kisha hujibu mwenyewe au humrukia mwingine. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde tatu na kuendelea, majibu yakawa marefu zaidi, wanaonyamaza wakapungua, na watoto waliokuwa hawainui mkono wakaanza kuuinua. Lililonigusa zaidi ni hili: wale walioonekana na mwalimu kuwa wazito walisubiriwa muda mfupi kuliko wale walioonekana wepesi. Yaani aliyehitaji zaidi alipewa kidogo. Sisemi hivi kuwalaumu walimu. Nawaomba mjiulize, kama nilivyojiuliza mimi, nyumbani kwenu ni yupi kati ya watoto anayemaliziwa sentensi zake.

Nirudi nyumbani. Kesho yake baada ya Alhamisi ile ya kwanza, Ijumaa asubuhi, yule wa kati alikuwa sakafuni na kamba zake kama kawaida. Nikaweka mikoba chini, nikachuchumaa mbele yake, nikahesabu. Tano haikutosha, wala ishirini. Alitengeneza kitanzi, kikamponyoka, akatengeneza kingine huku ametoa ulimi pembeni ya mdomo. Ilichukua kama dakika mbili, na fundo lenyewe lilikuwa limelegea, lilifunguka tukiwa njiani. Lakini alilifunga yeye. Toka hapo tukaanza kuamka robo saa mapema, na ili hilo liwezekane ikabidi watoto walale mapema. Hapo napita haraka, ila nalitaja kwa sababu nikiwa pale ukumbini nimewaona watoto wanaosinzia juu ya kitabu saa tatu ya asubuhi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Mtoto aliyelala usiku wa manane hata akisubiriwa sekunde mia, neno haliji.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo ambalo wengi hawalisemi. Mzazi akianza kujitolea katika darasa la mwanawe, yule mwanawe hafurahi kila mara. Wangu wa darasa la pili alijivuna wiki ya kwanza. Wiki ya pili alinikuta nimempigia makofi mtoto mwingine, akageuza uso. Usiku akakataa kusoma na mimi. Nilipomkalisha akasema, "Wewe wasikilize wale wa shuleni." Sikumkemea. Nilimwambia kweli: pale shuleni mimi ni wa watoto wote, hapa nyumbani dakika kumi kabla ya kulala ni zako peke yako na hakuna atakayezigusa, hata mdogo wako akilia. Na nikazilinda kweli. Simu ikiita, inaita. Ikiwa mnaingia katika kazi hii, lipangeni hilo kabla, kwa sababu mtoto wako hatakubali kuwa yeye ndiye anayelipia ukarimu wako.

Dakika kumi zile si kitu kidogo. Katika utafiti wa kimataifa uitwao PISA, wa mwaka 2009, unaopima wanafunzi wa miaka 15, wazazi katika nchi 14 waliulizwa kama walikuwa wakisoma vitabu na watoto wao walipokuwa mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Watoto waliosomewa angalau mara moja au mbili kwa wiki walikuwa mbele kwa wastani wa alama 25 katika kusoma. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na hali ya maisha ya familia, na hata hilo lilipozingatiwa, tofauti ilipungua lakini haikuisha.

Sasa nije kwenye kosa langu, kwa kuwa bila hilo nitakuwa nimewapa nusu ya habari. Mwezi wa tatu wa kujitolea, kazi zilinizidi, nikaruka Alhamisi moja. Sikutoa taarifa. Nilijiambia kwamba mimi silipwi, nani atanidai. Wiki iliyofuata nilipofika, mwalimu hakusema neno, ila yule mvulana wa "nyumba" hakuja na kitabu. Nilipomwuliza akajibu, "Wiki iliyopita nilikaa kwenye kile kiti mpaka kengele." Alikaa peke yake, na kitabu. Alikuwa amejizoeza ukurasa mzima nyumbani ili aje anisomee. Ahadi ni deni, tunasema kila siku, na mimi deni hilo nililiacha kwa mtoto wa miaka saba. Ilichukua wiki tatu kabla hajafungua tena kitabu mbele yangu kwa moyo ule wa mwanzo. Ndiyo maana nikiulizwa na mzazi anayetaka kuanza aahidi nini, namwambia: ahidi kidogo kuliko unachotamani. Ukiweza mara moja kwa mwezi, sema mara moja kwa mwezi, uje siku hiyo hata mvua ikinyesha. Na ukishindwa, toa taarifa mapema ili mtoto aambiwe.

Kuna wazazi hapa ambao kazi zao haziwaruhusu kabisa kufika mchana, na wengine wana watoto wachanga mgongoni. Msijitoe katika hesabu. Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambaye mwaka 1995 aliupanga ushirikiano wa shule na familia katika aina sita, alikuweka kujitolea kuwa aina moja tu kati ya hizo. Malezi yenyewe ya nyumbani ni mojawapo, mawasiliano na shule ni nyingine, kadhalika kumsaidia mtoto kujifunza nyumbani, kushiriki katika maamuzi, na kushirikiana na jamii inayoizunguka shule. Tena alipanua maana ya anayejitolea: ni yeyote anayeunga mkono malengo ya shule na kujifunza kwa watoto, mahali popote, wakati wowote. Katika darasa la mwanangu yupo mama mmoja ambaye hajawahi kuonekana shuleni mchana. Kila mwisho wa mwezi anapelekewa mfuko wa vitabu vilivyochanika, anavirudisha vimeshonwa na kugundishwa. Watoto hawamjui kwa sura, lakini kila wiki wanashika kazi ya mikono yake.

Nasema "mama", na hapo nina neno na akina baba. Chama kikongwe na kikubwa cha wazazi na walimu huko Marekani kilianzishwa Washington tarehe 17 Februari 1897 na wanawake wawili, Alice McLellan Birney na Phoebe Apperson Hearst, na jina lake la kwanza lilikuwa la akina mama peke yao. Mwaka 1924 jina hilo likabadilishwa likawa la wazazi na walimu. Wazazi na walimu weusi, ambao ubaguzi uliwatenga, waliunda chama chao mwaka 1926 wakiongozwa na Selena Sloan Butler, na vyama hivyo viwili viliungana mwaka 1970. Jina lilibadilika mapema. Lakini fungueni daftari la zamu la darasa la mwanangu leo, mwone majina. Akina baba ni wawili. Na nimeona kwa macho yangu mmoja wa hao wawili akiingia darasani: wavulana waliokuwa wanasema kusoma ni mambo ya wasichana walipanga foleni wamsomee.

Kwa wanaoanza, machache ambayo ningependa kuwa nimeambiwa. Fuata maelekezo ya mwalimu hata kama wewe ulifundishwa kusoma kwa njia nyingine, na kama hukubaliani naye mweleze watoto wakiwa hawapo. Kaa mahali mnapoonekana, mlango wazi siku zote, na shule ikikuhoji au kukuchunguza kabla ya kukupa mtoto, ishukuru, kwa sababu inamlinda na wako. Na unachokiona pale kibaki pale. Utajua mtoto wa jirani bado hajui kusoma, utajua nani amekuja bila kula, nani analia. Mwambie mwalimu. Usimwambie jirani, usimwambie hata rafiki yako wa karibu. Mtoto akijua kwamba kushindwa kwake kumesimuliwa mtaani, hatakusomea tena, na pengine hatamsomea mtu mwingine.

Yule mvulana sasa yuko darasa la nne. Juma lililopita nilikuwa kwenye kiti changu na msichana wa darasa la kwanza, tumekwama kwenye neno refu. Mvulana akapita anatoka mapumzikoni, akasimama nyuma yetu, akaliona lile neno. Nilimwona anataka kulitaja. Hakulitaja. Aliinua kiganja chake, akawa anakunja kidole kimoja kimoja, polepole, mpaka cha tano.

Daftari la zamu liko pale mezani, karibu na mlango. Jumatatu ina nafasi tatu, Alhamisi ina moja. Vitabu vya kushona viko kwenye mfuko chini ya meza hiyohiyo.