Amehamia Kwake, Tumpelekee Nini?

MWANAIDI: Karibu msikilizaji. Leo mezani nimekaa na mwenye nyumba. Gasper, hongera!

GASPER: Ahsante, da Mwanaidi. Ila hilo jina bado sijalizoea. Juzi mtoto wa jirani kaita "baba mwenye nyumba," nikageuka kumtafuta.

MWANAIDI: Umepanga miaka mingapi?

GASPER: Kumi na moja, kodi ya miezi sita sita. Sasa niko Chanika. Bati lipo, milango ipo, grili zipo. Dari hakuna. Vigae vimeishia sebuleni.

MWANAIDI: Basi umehamia kama tunavyohamia wote, fundi bado yuko ndani. Na watu huwa wanasahau hilo. Wanaleta zawadi ya nyumba iliyokwisha.

GASPER: Nimepata saa za ukutani nne. Nne, dada! Moja ina picha ya maporomoko, ukiwasha taa maji yanatembea. Na ukuta wenyewe haujapigwa rangi.

MWANAIDI: Umeitundika wapi?

GASPER: Iko juu ya friji, imeegemea. Glasi ndiyo usiseme, seti tatu, ziko kwenye maboksi yake chini ya kitanda.

MWANAIDI: Sitaki tuwacheke walioleta, wametoa kwa moyo. Lakini kipi kilikusaidia kweli?

GASPER: Kitasa.

MWANAIDI: Kitasa cha mlango?

GASPER: Viwili, wa mbele na wa uani. Mjomba wangu alinipigia simu wiki moja kabla, akaniuliza milango yangu ina unene gani na inafungukia upande gani. Nikashangaa, mzee huyu anataka nini? Siku ya kuhamia kaja na fundi mlango. Kasema, "Hesabu walioshika ufunguo huu." Nikahesabu: fundi lipu, fundi bomba, fundi umeme, wa grili, wa vigae, na kijana aliyekuwa analinda saiti. Sisemi ni wezi, wamenijengea vizuri tu. Lakini ufunguo uliolala kwenye mifuko ya watu sita, huo si wangu peke yangu. Usiku ule nililala.

MWANAIDI: Hiyo nimeiandika. Na ona, alimlipa na fundi. Ukimpa mtu kitu cha kufungwa, mlipie na mfungaji, la sivyo umempa kazi.

GASPER: Mwingine alinitumia umeme. Aliomba namba ya mita tu, mara meseji ikaingia, tarakimu ishirini. Saa mbili usiku, LUKU inakaribia kukata, wageni wamejaa. Na nyumba mpya inakula umeme, maana fundi anachomelea, pampu inavuta maji.

MWANAIDI: Ila ukimnunulia mtu LUKU, ongeza kidogo. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo, kwa hiyo uniti atakazoona si zile ulizopiga hesabu.

GASPER: Kweli kabisa. Haya, wewe mtu wa Tanga ungeniletea nini? Usiniambie udi.

MWANAIDI: Udi ungekuja, na chetezo, na ubani. Kwetu nyumba haiingiwi hivihivi, inasomewa dua, inafukizwa, watu wanakula. Lakini dua inasomwa watu wamekaa wapi, kaka? Ndiyo maana kabla ya udi ningekuletea mkeka. Wa ukili, mpana, ulioshonwa kingo vizuri. Masofa yanakuja mwaka wa pili au wa tatu, wageni wanakuja leo. Ukimaliza unaukunja, unausimamisha nyuma ya mlango.

GASPER: Kwangu kaja padri na maji ya baraka, watu wamesimama kama wako foleni. Mkeka ungetufaa.

MWANAIDI: Mitungi ya gesi, madumu, ndoo zenye mifuniko, hivyo haviozi. Nisivikalie. Nataka uniambie kuhusu mama yako, ulianza kunisimulia kabla hatujarekodi.

GASPER: Mama katoka Rombo na basi, kapakata mfuko wa salfeti safari nzima, hataki uwekwe kwenye buti. Ndani kuna vipande vya masale, ile mimea yetu Wachaga, kavifunga na majani ya mgomba. Hajaingia ndani hata kunywa maji. Kauliza, "Mpaka wako uko wapi?" Nikamwonyesha bikoni. Kasema bikoni ni ya serikali, masale ni ya majirani. Kwetu ndivyo mpaka unavyowekwa, na ukikosana na mtu, sale hilohilo ndilo unalompelekea kuomba msamaha.

MWANAIDI: Kwa hiyo kapanda uzio na dawa ya ugomvi kwa pamoja.

GASPER: Pembe zote nne. Jirani wa kushoto ni Mzaramo, kauliza haya majani ni ya nini. Mama kakaa naye kibarazani saa nzima anamweleza. Sasa wanapigiana simu wao, mimi napewa salamu tu.

MWANAIDI: Hapo saa ya maporomoko imeshindwa. Mimi zawadi yangu iko nje kwenye gari, mche wa mwembe, dodo, uliobebeshwa.

GASPER: Kubebeshwa ndiyo ule wa haraka?

MWANAIDI: Miaka mitatu, minne, unaonja. Wa kokwa utasubiri mpaka ubadilishe bati. Lakini usiupande karibu na karo, mizizi inafuata maji. Wala usiusogeze ukutani. Hesabu hatua kumi kutoka nyumbani. Shimo liende chini mpaka magotini, udongo wa juu uchanganye na samadi iliyooza. Na kiriba ukipasue! Kuna mtu namjua alipanda na nailoni yake, miaka miwili mti umesimama vilevile, yeye anamlaumu mchawi.

GASPER: Jumamosi basi, njoo tuuchimbie wote. Nitamwambia mke wangu apike.

MWANAIDI: Nakuja asubuhi, kabla ya jua.

GASPER: Na jembe uje nalo. Langu fundi kaondoka nalo.