Tovuti ya Nyumba ya Wageni Ifunguke Vizuri Kwenye Simu: Hatua kwa Hatua

Asalaam aleikum watazamaji, karibuni. Leo tuko Lamu, na kazi yetu ni moja: kuchukua tovuti ya nyumba ya wageni iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta, tuifanye mgeni aweze kuitumia kwa kidole gumba akiwa ndani ya boti kutoka Mokowe, gati la upande wa bara. Wenye majahazi ya matembezi na mafundi wa kuchonga milango, fuateni nanyi pia, maana hatua ni zile zile.

Kwanza mjue kwa nini naanza na simu. Mwaka 2007 M-Pesa ilianza hapa Kenya, na mwaka huo huo iPhone ya kwanza ikatoka Marekani. 2009 nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa kupitia chini ya bahari. Kufikia mwishoni mwa 2016, takwimu za StatCounter, kampuni inayohesabu matumizi ya tovuti, zilionyesha kuwa kurasa zinazofunguliwa duniani kwa simu na tableti zimezipita za kompyuta. Na Google siku hizi huisoma tovuti yako kwa sura yake ya simu. Kama bei za vyumba zaonekana kwenye kompyuta lakini kwenye simu umeziondoa, kwa Google ni kama hukuziandika.

Haya, fungua faili la ukurasa wako wa mwanzo. Juu kabisa, kwenye sehemu ya head, tafuta mstari wa meta wenye neno viewport. Kama haupo, uongeze hivi: <meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">. Bila mstari huu, kivinjari cha simu hujifanya kioo chake ni kipana kama cha kompyuta, pikseli 980 hivi, kisha hukaza kila kitu kiingie. Ndiyo maana maandishi yanakuwa madogo kama chawa. Hifadhi, ufungue tena kwenye simu. Umeona? Herufi zimekua.

Lakini sasa picha zinatoka nje ya kioo. Ingia kwenye CSS, yaani faili la mitindo ya ukurasa, upande wa img, yaani picha, andika max-width: 100% na height: auto. Safu zako tatu zigeuze ziwe moja, mambo yashuke chini kwa chini. Ukitaka safu zirudi kwenye kioo kipana, tumia media query, yaani amri ya CSS inayofanya kazi kioo kikifika upana fulani. Njia hii ya ukurasa mmoja kujipanga kulingana na kioo aliipa jina Ethan Marcotte mwaka 2010, na hadi leo ndiyo tunayoitegemea.

Tuje kwenye picha, na hapa nawaomba tutulie, kwa sababu hapa ndipo bando la mgeni linapoliwa. Picha moja ya simu ya kisasa yaweza kuwa megabaiti 4. Weka kumi na mbili za vyumba, dari na baraza, umemtwika mtu megabaiti 48 kabla hajajua bei. Nenda squoosh.app, inafanya kazi hata kwenye simu. Weka picha, upande wa Resize andika upana wa 1200, chagua WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, ubora uwe 75. Angalia namba ya chini: mara nyingi itashuka chini ya kilobaiti 200, na nakshi za plasta bado unaziona vizuri. Fanya hivyo moja moja. Na ile video inayojicheza yenyewe pale juu, iondoe. Najua ni nzuri, lakini mgeni ndiye anayeilipia.

Sasa namba ya simu. Usiiache ndani ya picha ya tangazo. Iandike kama kiungo. Cha kupiga kinaanza na tel:, halafu +254, halafu namba yako bila ile sifuri ya mwanzo. Mgeni akipiga 07 akiwa bado kwao Italia, hakupati. Cha WhatsApp ni wa.me/254 na namba, bila alama ya kujumlisha wala sifuri. Vitufe viwe na urefu wa pikseli 48, viachane kidogo, ili kidole kisiguse viwili kwa mpigo. Visanduku vya fomu vipe herufi za pikseli 16. Vikipungua hapo, iPhone hukuza ukurasa ghafla mtu anapoanza kuandika.

Bei ziandike kwenye ukurasa wenyewe, si kwenye PDF.

Ramani nayo: usiipachike nzima, weka kiungo tu. Huku kwetu hakuna gari la kumfikisha mtu mlangoni, na vichochoro vyabana kiasi kwamba ile alama ya ramani hurukaruka. Andika njia kwa maneno: shuka gatini, nenda hadi uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome, ingia Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, kisha taja msikiti ulio karibu nawe. Maneno hayo atayasoma hata mtandao ukikatika, ukurasa ukiwa umeshafunguka.

Tujaribu. Kwenye Chrome ya kompyuta bonyeza F12 ufungue zana za ukaguzi, kisha Ctrl, Shift na M pamoja, chagua simu. Upande wa Network punguza kasi iwe 3G, ufungue ukurasa upya. Jina, bei na namba vitangulie; picha zifuate.

Halafu toka nje na simu yenyewe, simama juani. Maandishi ya kijivu juu ya rangi ya mchanga hayatasomeka, yafanye meusi. Mwisho, mpe simu mtu ambaye hajawahi kuiona tovuti yako. Mwambie atafute bei ya chumba cha watu wawili, akupigie kwa mkono mmoja. Usimwelekeze. Kidole chake kikisita mahali, hapo ndipo pa kurekebisha leo leo.