Skeli Moja kwa Roketi Zote

Asanteni, na poleni na foleni. Nimeombwa nizungumzie roketi za kihistoria zinazojengwa kwa matofali ya kuchezea ya Lego, na najua wengi mnasubiri Saturn V. Haya, tuanze nayo, maana iko hapa mezani na haifichiki.

Roketi yenyewe, ile iliyowapeleka Neil Armstrong na wenzake mwezini Julai 1969, ilikuwa na urefu wa karibu mita 111. Seti ya Lego iliyotoka mwaka 2017 ni ya skeli ya 1:110, yaani mita 110 za roketi halisi ni mita moja ya Lego, ndiyo maana inafika mita moja. Ina vipande 1,969. Hesabu hiyo mnaielewa wenyewe.

Mimi nashikilia jambo moja: ukishachagua skeli, usiibadilishe kwa roketi nyingine yoyote. Wengi hujenga kila roketi kwa ukubwa unaopendeza rafuni, mwishowe V-2, kombora la Wajerumani la mita 14 tu, inalingana bega na Saturn V. Hapo mtu amejenga pambo.

Lakini skeli ina gharama zake. Hatua ya kwanza ya Saturn V, yaani sehemu ya chini inayowaka mwanzo, ilikuwa na kipenyo cha mita 10 na kidogo. Gawanya kwa 110, unapata sentimita 9 na ushee. Kutoka kinundu hadi kinundu, vile vijitokezo vya juu ya tofali, ni milimita 8, kwa hiyo unahitaji vinundu kumi na moja na nusu, na nusu haiuzwi. Ukienda kumi na viwili, roketi inanenepa kidogo na jicho halioni. Balaa liko chini, kwenye injini. Zilikuwa tano za F-1: nne pembeni, moja katikati. Kwenye upana wa vinundu 12, katikati kabisa ni kwenye mwungano, hakuna kinundu hapo. Ya tano utaipachika wapi? Dawa yake ni hiki kipande bapa cha mbili kwa mbili chenye kinundu kimoja tu katikati. Kidogo hivi, lakini bila hicho injini zote zinakwenda upande.

Mwili unajengwa kwa mhimili wa mraba wenye vinundu ubavuni, kisha maganda ya mviringo yanabandikwa pande zote. Rangi za ndani tumia zozote ulizo nazo. Za nje, hapana: ile miraba myeusi iliwasaidia wafuatiliaji wa kamera kuona roketi inavyojizungusha, kwa hiyo msiiweke kwa kukisia.

N1, roketi ya mwezi ya Wasovieti, ndiyo inayonitoa jasho. Mita 105, injini 30 hatua ya kwanza, na umbo la pia ya kuchezea iliyopinduliwa, kwa sababu matangi yake yalikuwa ya duara na yalipungua ukubwa kwenda juu. Matofali hayapendi kupungua polepole. Ilirushwa mara nne kati ya 1969 na 1972, zote zikashindwa, na hakuna aibu kuijenga. Kwangu ni nzuri kuliko ya Wamarekani. Tutabishana kwenye chai.

Sasa njooni kwetu Malindi. Baharini kule, kwenye jukwaa la San Marco la Waitaliano, roketi ya Scout ilirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake. Ilikuwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, na iliorodhesha vyanzo 339. Kazi kubwa hiyo, iliyobebwa na roketi ya mita 23 hivi yenye upana wa kama mita moja.

Kwa skeli yetu upana huo ni milimita tisa hivi. Tofali la duara la kinundu kimoja lina nane. Yaani Scout nzima ni tofali moja juu ya jingine, kama ishirini na mbili, basi! Isimamisheni kando ya Saturn V muone.

Tatizo lake ni kuyumba. Scout halisi iliunganishwa ikiwa imelazwa, ndipo ikainuliwa. Fanyeni vivyo hivyo: jengeni mkono wa kurushia kwanza, mlaze roketi juu yake, kisha mviinue pamoja. Mkiipandisha tofali kwa tofali ikiwa wima, itawaangukia kabla hamjafika kumi na tano.